Ni Filbert Yupi Anayemposa Fidelia?

Mimi ni mdadisi, na sioni kwa nini niombe radhi. Watu wa Mahongole wananiita mbea, lakini wao wenyewe wakitaka kujua jambo la jirani hawaendi kwa padre, wanakuja kwangu. Kwa hiyo mwaka ule wa 1956 mdogo wangu Fidelia alipoletewa posa, na mposaji akawa mwalimu wa sekondari, nilijua kazi yangu imeanza hata kabla baba hajaniita.

Posa yenyewe ilikuja kwa taratibu za kwetu. Mshenga, mzee mmoja wa Njombe aitwaye Silvesta, alishuka kwenye basi la Relwe, lile la shirika la reli, pale Makambako, akatembea hadi nyumbani na jembe jipya lililofungwa kwa kaniki, akaliegemeza upenuni karibu na mlango. Jembe la posa haliingii ndani siku hiyo. Linabaki nje mpaka watu wa binti wamchunguze mposaji. Wakiridhika linaingizwa, wasiporidhika linarudi lilikotoka, na hakuna anayegombana na mwenzake. Baba aliliangalia, akaliacha palepale, mvua ikawa inaulowesha mpini.

"Anaitwa Filbert Haule," mshenga alisema. "Ni Mpangwa wa Mawengi. Anafundisha jiografia na Kiingereza katika sekondari ya misheni, hapo nje ya Njombe. Hanywi kupita kiasi, wala hana mke mwingine."

"Na tabia yake?" baba akauliza.

"Ni mwalimu," mshenga akajibu, ungedhani hiyo ndiyo tabia.

Fidelia mwenyewe alikuwa akifundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule ya masista, si mbali na sekondari hiyo. Alikuwa amemwona Filbert kanisani, wakazungumza mara chache, daima mbele ya watu. Alipokuja nyumbani likizo nilimbana jikoni aniambie ni mtu wa namna gani. Alikaa akifikiri, na Fidelia si mtu wa kufikiri muda mrefu.

"Dada, kila nikizungumza naye anakuwa mwingine kidogo," alisema. "Akiwa na masista ni huyu, akiwa na wanafunzi ni yule. Nampenda. Ila sijui ninayempenda ni yupi."

Mtu mwingine angecheka. Mimi moyo ulinilipuka paa.

Lazima niseme jambo langu hapa, la sivyo hutaelewa kwa nini nilishtuka. Mimi niliolewa miaka kadhaa kabla ya hapo, na fundi seremala wa upande wa Iringa. Posa yake nayo ilichunguzwa. Baba mdogo alikwenda, akamwuliza katekista, akamwuliza jumbe, akawauliza majirani, na wote wakasema neno moja: mtu mpole, mtu wa watu. Na kweli alikuwa mpole, barabarani, kanisani na karakanani kwake. Mlango ukifungwa, alinipiga. Nilivumilia mpaka nikachoka, nikakimbia na nguo nilizovaa, nikarudi Mahongole. Baba alinipokea, na hilo namshukuru mpaka leo, ila kwa aibu aliwaambia watu kwamba mume wangu amekwenda kuchimba shaba Rodeshia, nami namsubiri kwa wazazi. Kijiji kizima kiliujua uongo huo, na kijiji kizima kikauheshimu.

Basi nilimwendea baba nikamwambia safari hii baba mdogo abaki na mbuzi zake. Nitakwenda mimi.

"Mwanamke hachunguzi posa," baba akasema.

"Mwanamume ndiye aliyenichunguzia ya kwangu," nikamjibu.

Baba alilitazama jembe pale upenuni. Kisha akaniambia nichukue blanketi, maana Njombe kuna baridi.

Nilifika Njombe na kikapu cha mayai. Nakuapia, hakuna kibali kikubwa kuliko kikapu cha mayai. Askari wa bomani ana karatasi zake, lakini mwanamke mwenye mayai anapita jikoni, anapita nyumba za walimu, anapita hata chini ya dirisha la darasa, mradi aende polepole na asionekane ana haraka ya kujua chochote. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujaondoka. Nilifuata ukuta wa madarasa nikiukanyaga umande, nikasikia sauti ya Kiingereza, nikasimama nikijifanya napanga mayai yangu.

Darasani mlikuwa na picha ya Malkia ukutani, na vijana wa darasa la tisa wamekaa wima, wengine wameshaota ndevu. Mbele yao amesimama mwanamume mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, mikono nyuma, kidevu juu, sauti inatokea puani. Kijana mmoja aliulizwa swali akashindwa kujibu. Filbert hakumpiga wala hakumkemea. Alimtazama tu. Akaendelea kumtazama, mpaka kijana yule akaketi mwenyewe bila kuambiwa, na darasa zima likainamisha vichwa. Huko nje yai lilitaka kuniponyoka. Nilijisemea moyoni, Fidelia haolewi hapa, jembe lirudi leo leo.

Kabla sijaondoka, mlango wa darasa ukafunguliwa, akaingia Padre Mkuu wa shule, Mzungu mnene mwenye uso mwekundu. Padre akasema mzaha fulani, na Filbert akaanza kucheka kabla mzaha haujaisha. Mabega yalimshuka, shingo ikafupika, akawa mtu mwingine kabisa. Sikuondoka, kwa maana nilikuwa nimeona kitu. Yule padre alisimama mikono nyuma, kidevu juu, na sauti yake ilitokea puani. Kumbe yule mwalimu mkali niliyemwogopa alikuwa padre huyu huyu, ila mwembamba na mweusi. Sasa yule wa pili, aliyecheka mapema, alikuwa wa nani?

Udadisi ulinishika vibaya. Nilikwenda nyumba za walimu nikabisha kwa Margareth, mke wa mwalimu wa hesabu, mama mcheshi aliyekuwa na njaa ya mazungumzo kuliko ya mayai. Nilimwuliza juujuu kuhusu walimu wanaoishi pale, nikapita kwa huyu na yule, nikamfikia Filbert mwishoni, nikiwa nimegeuka pembeni.

"Filbert? Huyo hajui kusema hapana," Margareth alisema. "Zamu za wenzake zote anashika yeye. Akija kula hapa, mume wangu akisema chumvi imezidi, na kwake imezidi. Mimi nikisema imepungua, imepungua. Siku moja tulimtania, mume wangu akasema imezidi nami nikasema imepungua kwa wakati mmoja, maskini akaacha kula."

Alicheka, nami nikacheka, ingawa nilimwonea huruma.

"Na akiwa peke yake?" nikauliza.

Margareth aliacha kuchagua mayai. "Unajua, sijui," akasema. "Akiwa peke yake hasikiki kabisa. Unaweza kudhani nyumba haina mtu."

Jioni nilimwona tena, na safari hii nilikaribia kuangusha kikapu chote. Nyuma ya shule, kwenye shamba la miwati, kulikuwa na Wakinga wanaokata miti na kubandua maganda. Filbert alikuwa katikati yao, amechuchumaa, koti halipo, anazungumza Kikinga chao, anatema mate pembeni wanavyotema wao, anapiga paja akicheka. Hakukuwa na padre pale, wala yule wa chumvi. Nilirudi kulala kwa binamu yangu mjini nikiwa na Filbert watatu kichwani, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumwapia kuwa ndiye.

Niliamua kwenda Mawengi, alikozaliwa. Niliamini kwamba mtu kwao hawezi kujificha, kuna watu waliomwosha akiwa mtoto.

Sikufika. Mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi wakasema barabara ya Ludewa imeporomoka, lori haliendi mpaka vibarua wazibue. Nilikaa kwenye baraza ya duka la Mhindi pamoja na wasafiri wengine. Kando yangu alikuwapo mama mmoja mzee, mdogo wa umbo, amejifunika blanketi mbili, kuku mmoja miguuni amefungwa kwa kamba. Yeye alikuwa ameshuka na lori la juzi kutoka Ludewa, sasa anangoja basi la kwenda Makambako.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kibena cha kubahatisha.

"Kamwene," nikaitika, kisha tukahamia Kiswahili, maana Kibena chake na Kipangwa changu vilikuwa vya kuoneana huruma.

Alinimiminia chai kutoka kwenye kopo lake. Nikamwuliza anakwenda kufanya nini Makambako.

"Nina dada yangu mgonjwa. Na wewe, mwanangu?"

"Natoka Makambako, nakwenda Mawengi kununua maharage."

"Maharage? Kwenu hakuna maharage?"

"Ya Mawengi yanaiva upesi, mama."

Alitikisa kichwa kukubali, akanywa chai yake. Mvua iliendelea. Baadaye kidogo akasema, macho yakiwa barabarani, "Kwa kuwa unatoka upande huo, labda unawajua watu wa Mzee Yosefu Mgaya, wa Mahongole."

Nilipaliwa na chai. Mzee Yosefu Mgaya ni baba yangu. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na nilipoyafuta nikamtazama yule mama upya, nikakiona kidevu. Kilikuwa kidevu cha Filbert. Huyu hakuwa na dada mgonjwa hata kidogo. Alikuwa mama wa mposaji, naye amefunga safari ya kuja kutuchunguza sisi.

"Nawajua kwa mbali," nikasema.

"Mabinti wake ni watu wa namna gani?"

Hapo ningeweza kuipamba nyumba yetu mpaka ing'ae. Ulimi nilikuwa nao. Lakini kuna hasira fulani inanikaa kifuani tangu nilipokimbia, na siku hiyo iliamka. Nilitaka kuuona uso wake. Kama angetudharau, ningepanda basi lile lile pamoja naye, nikaenda kumwambia baba arudishe jembe.

"Mdogo ni mwalimu, msichana mzuri, mkweli," nikasema. "Mkubwa alimkimbia mume wake. Ukifika watakwambia huyo mume yuko Rodeshia. Hayuko Rodeshia. Alikuwa anampiga, mkewe akaondoka."

Mama yule hakusema pole wala hakusonya.

"Aliporudi, baba yake alimpokea?" akauliza.

"Alimpokea."

"Hakumrudisha kwa mume?"

"Hakumrudisha."

"Basi pale pana watu," akasema, akamsogeza kuku wake asilowe.

Tangu nirudi nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo, wote walikuwa wakiuliza nilikosa nini. Nilimpenda mama huyo pale pale, na kwa kuwa nilimpenda, nikaamua kumchimba bila huruma.

"Wewe una watoto, mama?"

"Ninaye mmoja, mwalimu wa sekondari hapa."

"Ni mkali?"

"Sijui."

"Mpole?"

"Nimekwambia sijui!" Alikasirika kweli, hata kuku akashtuka. "Nitajuaje? Walimpeleka bweni la misheni akiwa bado ana meno ya utotoni. Likizo ya kwanza alirudi anakula akiwa amenyoosha mgongo, hazungumzi mpaka aulizwe. Nikasema haya, wamemfundisha adabu. Likizo nyingine akarudi anatembea kwa kutupa miguu, anacheka kwa sauti ambayo si ya ukoo wetu. Nikamwuliza kicheko hicho cha nani, akasema ni cha kijana mmoja Mhehe anayelala kitanda cha jirani. Akaenda chuo cha ualimu, akarudi na wengine tena. Kila likizo, mwanangu, nilikuwa napokea mgeni. Nampikia, namtazama anavyokula, nikimtafuta."

"Yeye mwenyewe anajua?"

Aliweka kopo chini. Sasa alizungumza kwa sauti ndogo, nami nikamsogelea.

"Mwaka jana alikuja, koti lake hilo, viatu vyake. Akakaa jikoni kwangu, akaniuliza, mama, nilipokuwa mdogo, kabla ya shule, nilikuwa mtu wa namna gani? Mtoto wa watu aliniuliza hivyo. Nikafikiri, nikamwambia, ulikuwa mbishi. Ukiambiwa kaa, unasimama. Ukiambiwa huyu mbuzi mweusi, unasema kijivu. Alifurahi huyo! Siku nzima alizunguka nyumba akisema, mimi ni mbishi, mimi ni mbishi. Mtu mzima, ana darasa la watu wenye ndevu."

Nilicheka, kisha nikaona sicheki tena.

"Sasa anataka kuoa," mama akaendelea. "Naogopa. Huyo binti akiwa na makuu atamgeuza mwingine tena, na mimi nitamkosa hata yule mbishi mdogo. Ndiyo maana nakwenda kumwona dada yangu mgonjwa."

Basi lilikuja likiwa limejaa matope hadi madirishani. Nilimbebea kuku, nikamsaidia kupanda. Alipokwisha kukaa, alinichungulia dirishani, akanitazama jicho langu la kushoto, mahali kwenye nyusi ambapo yule seremala aliniachia kovu.

"Usisahau maharage yako," akasema, na basi likaondoka.

Nilibaki nimesimama kwenye mvua. Kumbe alinijua. Alijua tangu mwanzo au alijua katikati, mpaka leo sijui, naye hakunieleza. Mawengi sikwenda tena, nilichokuwa nakitafuta huko kilikuwa kimenijia barazani na kuku wake.

Walikuja Mahongole baada ya mavuno: mshenga Silvesta, yule mama, ambaye nilijua sasa anaitwa Mama Telesia, na Filbert mwenyewe, amekaa kigoda cha mwisho karibu na mlango, koti limefungwa mpaka shingoni. Baba alitoa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Fidelia alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, anasikia kila neno.

Mshenga akawauliza wenyeji habari za nyumba, na baba akazitaja kwa heshima zote. Alipofika kwangu akasema, "Na huyu ni Vestina, mkubwa. Mume wake yuko Rodeshia."

Nilimtazama Mama Telesia. Aliinama akitazama kata yake ya ulanzi. Angeweza kutuumbua kwa neno moja, lakini alikuwa ameamua kutulinda, mwanamke yule ambaye nilimjua kwa kikombe kimoja cha chai. Nikaona haya kulindwa hivyo.

"Baba, nisamehe," nikasema. "Mume wangu hayuko Rodeshia. Yuko kwake, anaranda mbao. Mimi nilikimbia."

Baba mdogo aliguna. Niliona mabega ya baba yakitulia, nadhani naye alikuwa amechoka kuubeba uongo ule.

"Basi sema ulichokwenda kukitazama," baba akaniambia.

Nikasimama, nikawaeleza. Nikawasimulia padre mwembamba mweusi, mpaka mshenga akacheka akajimwagia ulanzi. Nikawasimulia yule asiyejua chumvi yake, na yule Mkinga wa kwenye miwati. Filbert hakucheka. Alikuwa amekodoa macho, uso wake umekuwa wa kijivu, na nilimwonea huruma, lakini sikuacha, maana anayeolewa alikuwa mdogo wangu na wala si wake.

"Ninataka kumwuliza yeye mwenyewe," nikasema.

"Mposaji haulizwi," baba mdogo akadakia.

"Aulizwe," akasema Mama Telesia. "Mimi nimetoka mbali nisikie jibu hilo."

Nikamgeukia. "Mwalimu, mimi nilichunguziwa mtu, wakamwona mmoja, nikamkuta mwingine. Wewe nimekuona watatu. Mlango ukifungwa, ni yupi atakayebaki ndani na mdogo wangu?"

Filbert alisimama. Mikono ikaenda nyuma, kidevu kikapanda, nikamwona padre anakuja. Kisha akamtazama baba, mabega yakashuka, nikamwona yule anayecheka mapema, yuko tayari kusema lolote ambalo baba angependa kulisikia. Akafumba mdomo. Alikaa tena chini, mikono hajui aiweke wapi, mara magotini, mara kwenye vifungo vya koti.

"Sijui, dada," akasema. Sauti hiyo sikuwahi kuisikia, ilikuwa ya kawaida tu, ina kikohozi kidogo. "Nimekulia mabwenini. Chuoni bweni. Pale shuleni nimepewa chumba, wanafunzi wanaingia, padre anaingia, walimu wanaingia. Sijawahi kuwa na mlango wa kufunga."

Nje kuku walikuwa wakichakura.

"Hilo si jibu," baba mdogo akasema.

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu, lakini Fidelia aliingia kutoka jikoni bila kuitwa, mikono ina unga, akasimama mbele ya wazee wote. Kwetu binti hafanyi hivyo. Hakumtazama baba, alimtazama Filbert.

"Kama hajui, mimi nitamwambia," akasema. "Nitamwambia kila siku."

Baba alimtazama Fidelia, akanitazama mimi, akamtuma mshenga upenuni alete jembe ndani.

Walifunga ndoa kabla ya Kwaresima. Nilicheza, nikapiga vigelegele, na moyoni niliogopa. Kusema sijui si sawa na kusema sitapiga, na hilo nililijua kuliko wote waliokuwa wakila nyama siku ile. Usiku nilikuwa nalala nikiuona mlango wa nyumba ya walimu ukifungwa, na mdogo wangu yuko ndani.

Nilivumilia mpaka mvua za mwaka uliofuata, udadisi ukanishinda, nikapanda basi. Sikuwapa taarifa. Fidelia alinipokea akiwa na tumbo kubwa, akanikalisha jikoni kwake, nikaanza kumenya viazi huku namkagua mikono, shingo na uso. Sikuona kitu. Lakini hata mimi zamani nilijua kuvaa mikono mirefu watu wakija, kwa hiyo sikutulia.

Kengele ya shule ikalia. Muda si muda mlango ukafunguliwa kwa nguvu, na Filbert akaingia, mikono nyuma, kidevu juu, hakuniona pale pembeni.

"Kwa nini kuni zimeachwa njiani?" akasema, kwa ile sauti ya puani. "Mara ngapi nimesema?"

Kisu kikasimama mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshatazama mlango uko wapi, na nikaona kwamba yeye ndiye aliyesimama katikati yake.

Fidelia hakugeuka. Alikuwa anakoroga maharage, akaendelea kukoroga.

"Huyo simjui," akasema. "Mtoe nje, uje wewe."

Nikafumba macho nikisubiri. Nilisubiri sauti ninayoijua, ya kiti kinachosukumwa.

Nikasikia mlango ukifungwa polepole. Nilipofumbua macho Filbert hakuwepo. Alikuwa ametoka. Huko nje tulimsikia akizisogeza kuni, moja moja, akizipanga ukutani, akikohoa. Fidelia alionja maharage, akaongeza chumvi, hakuwa na wasiwasi wowote, ilionekana hiyo ni kazi ya kila siku ndani ya nyumba ile.

"Hodi," Filbert akasema.

"Karibu."

Aliingia koti likiwa mkononi, shati lina maganda ya kuni. "Wamenichosha leo wale vijana," akasema, kwa ile sauti ya kawaida yenye kikohozi. "Nina njaa, na nina hasira, nikae wapi?" Hapo ndipo aliponiona. "Ah! Dada! Shikamoo. Umefika saa ngapi?"

Nilimwitikia marahaba, macho yangu yakiwa mlangoni. Kwa mume wangu nilikuwa nasikiliza nyayo. Nilijua kwa nyayo zake kama leo ni siku yangu au si siku yangu, nikazima moto, nikajikunja pembeni nisionekane. Katika miaka yote ile haikunipitia akilini kwamba mwanamume anaweza kuambiwa atoke nje aingie tena, naye akatoka.

Machozi yalianza kunidondoka kwenye bakuli la viazi. Fidelia akaacha mwiko, akaja akanichutamia na tumbo lake lile.

"Dada, unalia nini? Umepata habari mbaya?"

"Wivu," nikamwambia. "Nakuonea wivu, mdogo wangu." Na ilikuwa kweli tupu, wala sikuona haya, nikajifuta uso kwa kiganja na kuendelea kumenya viazi.